Nyumba Imetangulia, Ramani Imefuata



Mada niliyopewa ni mipango miji na wenye mali. Ukiwasikiliza maofisa wa ardhi wakiizungumza, neno halikawii kutoka: wananchi wamevamia. Ukienda mtaani, neno lao ni moja pia: serikali imetuvunjia. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona wanabishana kuhusu haki kabla hawajakubaliana kuhusu tarehe. Mimi huuliza kwanza: hapa mlipo, nyumba ndiyo iliyotangulia au mchoro? Jioni hii nitajaribu kuonyesha kwamba hasara nyingi za wenye nyumba Dar es Salaam zinatokana na mipango iliyochelewa, kuliko mipango yenyewe, na kwamba gharama ya kuchelewa huko tumezoea kumbebesha mtu mmoja tu.

Kuchelewa huku si desturi ya tangu zamani. Wakoloni, kwa sababu zao, hawakuchelewa. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji katika kanda tatu: upande wa bahari zijengwe nyumba za mtindo wa Kizungu tu, kanda ya pili nyumba za vifaa vya kudumu, na kanda ya tatu nyumba za wenyeji. Waingereza wakaja wakaendeleza kanda hizo miaka ya 1920, wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uwe mpaka kati ya mji wa biashara na Kariakoo. Kanuni zenyewe zilizungumza sana juu ya aina ya jengo na kidogo juu ya rangi ya mtu. Lakini kila mkazi alijua maana yake, ndiyo maana mpaka leo tunasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bila kuelezana. Mwenye nyumba wa Kariakoo alikuwa na nyumba yake ya udongo na makuti, akapangisha vyumba, ila kiwanja alikishikilia kwa kibali cha muda mfupi na kodi ndogo. Mzungu wa Oysterbay alipewa muda mrefu. Kanda ilipanga sura ya mtaa, na papo hapo ikapanga nani ataweza kukopa kwa dhamana ya kiwanja chake na nani hataweza. Wajukuu wa pande zote mbili wapo, na tofauti ya mali zao ukitaka kuielewa, anza hapo.

Baada ya uhuru tulifuta umiliki wa kudumu wa ardhi mwaka 1963. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na sisi tunamilikishwa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Watu husahau kwamba hati ni mkataba wenye masharti. Ndani yake imeandikwa matumizi, yaani makazi tu, makazi na biashara, taasisi, viwanda. Imeandikwa kwamba uendeleze ndani ya muda fulani. Ukivunja sharti, aliyekumilikisha ana haki ya kukuuliza. Kwa hiyo katika nchi hii mchoro wa mipango miji hauji kutoka nje kuingilia mali yako, umo ndani ya mali yenyewe tangu siku uliyoipata. Hapo tunatofautiana na nchi ambazo mtu anamiliki udongo moja kwa moja na halmashauri inakuja kumpunguzia.

Sasa niseme jambo ambalo wenye nyumba hawapendi kulisikia: mchoro ukiwahi, huwatajirisha.

Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilifanya mambo mawili kwa pamoja katika jiji hili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ilipima viwanja katika maeneo ambayo yalikuwa bado hayajajaa watu, ikachonga barabara, ikaacha nafasi za shule na masoko, kisha ikawagawia wananchi wajijengee wenyewe. Manzese ilikwenda ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, ikapitisha barabara na mabomba katikati ya nyumba zilizokuwepo. Miongo minne baadaye wachumi, akiwamo Guy Michaels wa London, walilinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Waligundua kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuhamia yana nyumba bora zaidi na mpangilio uliodumu, na yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakufikia hapo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021, ingawa dalali yeyote wa Sinza angeweza kukupa hitimisho lake bure. Muulize bei ya kiwanja Sinza, halafu umuulize ya Manzese.

Waliogawiwa viwanja vile hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Kilichowabeba ni bikoni nne na barabara ambayo gari la mchanga linaweza kupita.

Basi kwa nini hatukuendelea hivyo? Tulifanya kidogo. Kuanzia mwaka 2002 ulikuja Mradi wa Viwanja 20,000, tukapata Kibada, Tuangoma, Mbweni, Bunju. Lakini jiji lilikuwa linakimbia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na makadirio ya kawaida ni kwamba zaidi ya theluthi mbili wanaishi katika maeneo yasiyopangwa. Hao hawakuwa wajinga wa sheria. Walihitaji kiwanja mwaka ule, kwa hela waliyokuwa nayo, nacho cha serikali hakikuwapo au kilikuwa na foleni ya miaka. Cha skwata kilipatikana Jumamosi, mbele ya mjumbe na mashahidi, kwa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Tukumbuke kwamba mhuri ule ni wa serikali pia.

Nitakaa kidogo kwenye fremu za maduka, kwa sababu naona ndipo mipango miji inapogusa mfuko wa mtu wa kawaida kuliko mahali pengine popote, na wataalamu wetu huipita haraka.

Mstaafu ana nyumba Sinza au Tabata. Hati yake inasema makazi. Barabara ya mbele imewekwa lami, magari yanapita usiku na mchana. Mafao yamekwisha. Anavunja ukuta wa mbele, anajenga fremu nne: duka la dawa, saluni, wakala wa miamala ya simu, na ya mwisho ya vinywaji. Kodi ya fremu moja inazidi kodi ya vyumba viwili vya ndani. Kwa sheria, alitakiwa aombe kubadilisha matumizi ya ardhi, aweke tangazo, majirani wapewe nafasi ya kupinga, kisha apate kibali cha ujenzi kwa matumizi mapya. Hakuomba. Jirani yake wa kushoto hakuomba, wa kulia hakuomba. Halmashauri inawajua wote, kwa sababu ndiyo inayowauzia wapangaji wao leseni za biashara. Upande mmoja wa ofisi unakusanya ada ya leseni kwa duka ambalo upande wa pili wa ofisi unasema halipaswi kuwapo.

Mimi simlaumu mstaafu. Mtaa ulibadilika, mchoro haukubadilika. Lakini siko upande wake kikamilifu, maana jirani wa nyuma, aliyenunua kiwanja kwa sababu hati ilisema makazi, sasa analala na spika za baa dirishani. Yeye pia ni mwenye mali. Thamani iliyohamia kwenye fremu ya vinywaji imetoka kwake, na hakuna aliyemlipa. Tunapozungumza juu ya kanuni za matumizi ya ardhi kana kwamba ni ugomvi wa raia na serikali, tunamsahau mtu huyu. Kanda ikiheshimiwa humlinda yeye dhidi ya mwenzake. Ikipuuzwa, mwenye sauti kubwa ndiye anayepata. Hali ni hiyo hiyo kwa maeneo ya wazi: kiwanja cha watoto kikijengwa ukumbi wa sherehe, nyumba zote zinazokizunguka zimepungua kitu.

Dawa ya fremu iko, nayo ni ya kawaida sana. Barabara zinazojulikana kwamba zimegeuka za biashara zitangazwe rasmi kuwa za makazi na biashara, kwa mchoro mmoja wa mtaa mzima, wenye orodha ya biashara zinazoruhusiwa na saa zake. Kumngoja kila mstaafu aombe peke yake ni kumkaribisha mtu wa kati mwenye bahasha.

Kariakoo ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango mpya uliruhusu maghorofa mahali pa nyumba za Kiswahili za vyumba sita. Kwa siku moja, bila kupiga tofali, mwenye nyumba akawa na mali ya thamani ambayo baba yake asingeiota. Hakuwa na mtaji wa kujenga ghorofa. Akaingia ubia: mimi kiwanja, wewe jengo, tugawane vyumba au sakafu. Wengine walifaidika, wengine waliishia kwenye kesi na ndugu zao, kwa sababu nyumba ya marehemu haikuwa imegawanywa na kila mrithi alikuwa na mnunuzi wake. Ruhusa ya kujenga kwenda juu ilikwenda kasi kuliko uwezo wa kukagua. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la maduka Kariakoo, wakafa watu wasiopungua 29. Wanaosema kibali cha ujenzi ni urasimu wa kumsumbua mwenye mali, wafikirie pia mwenye mali wa jengo la pembeni.

Sasa tufike kwenye bomoabomoa.

Kuna alama ya X ambayo kila mtoto wa mjini anaijua. X nyekundu maana yake uko ndani ya hifadhi ya barabara, ondoka bila fidia. X ya kijani maana yake unatakiwa, na utalipwa. Chanzo cha rangi hizo mbili ni tarehe. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Aliyekuwa ndani ya zile 22.5 alionekana amevamia. Aliyekuwa kwenye mita saba na nusu za nyongeza alifuatwa na barabara nyumbani kwake, kwa hiyo anastahili fidia. Mantiki ni safi. Tatizo la X ya kijani ni kwamba huwekwa leo na hela huja siku isiyojulikana. Kwa muda wote huo huwezi kukarabati, hupangishi kwa bei nzuri, na benki hata haifungui faili lako.

Barabara ya Morogoro ilikuwa na hesabu yake: mita 121.5 kila upande katika kipande cha nje ya mji, kwa sheria ya barabara kuu ya enzi za Waingereza. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kutoka Kimara kuelekea Kiluvya kwa msingi huo. Waliovunjiwa walionyesha hati za mauziano, risiti za kodi ya majengo, bili za umeme na maji. Wengine walikuwa wameishi pale kwa miongo. Leo kutoka Kimara hadi Kibaha kuna barabara pana ya kilomita 19.2, na mimi kama ninyi huipita nikishukuru. Kisheria serikali ilisema mstari ulikuwapo kabla ya nyumba, na huenda karatasi zinaiunga mkono. Lakini mstari ambao hauna bikoni, haupo kwenye ramani ya mtaa, na ambao mashirika ya umma yenyewe yameupita na nguzo na mabomba, mwananchi angeuonaje? Kwangu mimi, mpaka usioonyeshwa chini unapaswa kuhesabiwa kuwa umechelewa, hata kama umeandikwa tangu enzi za babu. Wanasheria waliomo humu watanipinga, na wana haki.

Tuangalie fidia yenyewe inavyopigwa, kwa sababu wengi husaini bila kuijua. Zamani msimamo wetu ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, jasho la mtu ndilo lenye bei. Mwalimu Nyerere aliieleza fikra hiyo mwaka 1958 katika Mali ya Taifa, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 haikutoa fidia kwa kiwanja kitupu. Mwaka 1994, katika rufani ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaandika wazi kwamba ardhi ina thamani.

Chini ya kanuni za 2001, unalipwa thamani ya soko ya ardhi na jengo, kisha posho. Posho ya usumbufu hukokotolewa kwa riba ya amana za muda maalumu benki. Posho ya usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Posho ya malazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, kwa hiyo nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 300,000 inapata 10,800,000. Faida ya biashara iliyopotea nayo huzidishwa kwa miezi 36, ila ithibitishwe, inapobidi, kwa hesabu zilizokaguliwa. Hapo ndipo fremu zinapoanguka. Mama wa duka la rejareja, anayejua faida yake kichwani kwa usahihi kuliko mhasibu, anaandikiwa sifuri. Mwenye kiwanja kitupu hapati posho ya usafiri wala malazi. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba, na tangu Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini hufa baada ya miaka miwili, urudiwe upya. Hizi ni kanuni nzuri. Nawasihi mzikariri.

Ila kuna hasara moja ambayo haimo katika orodha hiyo, nayo ni ya kusubiri. Kigamboni iliionja kuliko sote. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba utajengwa mji mpya ng'ambo ya feri. Likawekwa zuio: asijenge mtu, asiendeleze mtu, mpaka mpango ukamilike. Eneo lilianza kama hekta 6,000 na kitu, baadaye likatanuliwa likapita hekta 50,000, kisha likapunguzwa tena. Ukaundwa wakala wa kuujenga mji, nao ukaja kuvunjwa mwaka 2017. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini mji uliotangazwa haukuonekana. Kwa miaka hiyo yote mtu wa Tungi au Vijibweni hakuchukuliwa kiwanja chake hata kipande. Kwa hiyo hakudai fidia, maana kisheria hakupoteza kitu. Alipoteza tu miaka ambayo angejenga, bei ya saruji ya mwaka 2008, na wapangaji ambao wangekuja.

Pendekezo langu kwa Wizara ya Ardhi ni fupi. Zuio la uendelezaji liwe na tarehe ya kufa, miezi isiyozidi 24, na lisitangazwe kabla fedha ya fidia haijatengwa katika bajeti. Likizidi hapo, mwenye mali alipwe kwa kusubiri, kwa kiwango kilekile cha riba kinachotumika kwa fidia iliyochelewa. Nimeambiwa hilo litafanya serikali iogope kupanga. Nadhani litaifanya ipange mapema, ambapo ardhi ni bei rahisi na hakuna wa kulipwa.

Mwisho, tazameni Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mkoani, na baadhi ya waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Wengine walirudi, kwa sababu kazi zao zilikuwa Kariakoo na Magomeni. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zikavunjwa bila fidia, kwa hoja kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 za mto, mpaka Mahakama Kuu ilipotoa zuio Januari 2016. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilohilo. Masharti ya mkopo yalitaka kila aliyeguswa athaminiwe na alipwe, mwenye hati na asiye na hati, na kuanzia 2023 wakazi wa Jangwani na mitaa jirani wakaanza kupokea malipo. Mto haukuhama, na sheria ya mita 60 haikufutwa. Kwa miaka saba au minane mwenye nyumba yuleyule aligeuka kutoka mvamizi kuwa mdai halali, kwa sababu aliyekuwa anatoa fedha alitaka hivyo. Kamati zetu za ardhi na madiwani walioko hapa watueleze kwa nini sharti hilo tuliweze kwa mkopo wa Washington, lakini lisiwe kanuni ya Dodoma.